Kumpinga kinara si kukihama chama

Mhariri,

Mwanasiasa wa hapa kwetu Kenya anapotofautiana hadharani na kinara wa chama chake, huitwa msaliti kabla hoja yake haijasikilizwa. Hukumu hiyo hutolewa barazani Mwembe Tayari kama inavyotolewa kwenye majukwaa ya kampeni, na wengi wanaoitoa huchukulia kwamba chama na kiongozi wake ni kitu kimoja. Naomba nafasi katika gazeti lako nipinge dhana hiyo kwa mfano wa wahafidhina wa Marekani na Uingereza, watu ambao sikubaliani na sera zao nyingi, lakini ambao ugomvi wao na viongozi wao unatuhusu kuliko tunavyodhani.

Liz Cheney, binti wa aliyekuwa Makamu wa Rais Dick Cheney, alishika cheo cha tatu miongoni mwa viongozi wa chama cha Republican katika Bunge la Wawakilishi la Marekani. Uhafidhina wake haukuwa na shaka: alipinga utoaji mimba, alitetea matumizi makubwa ya jeshi, na katika kura za bungeni aliuunga mkono msimamo wa Donald Trump zaidi ya mara tisa katika kila kumi. Hata hivyo, wafuasi wa Trump walipovamia jengo la Bunge tarehe 6 Januari 2021 ili kuzuia kuidhinishwa kwa matokeo ya uchaguzi, Cheney na wenzake tisa wa chama hicho walipiga kura, wiki moja baadaye, ya kumshtaki rais wao wenyewe. Tarehe 3 Februari wabunge wa chama hicho walikutana faraghani kuamua iwapo avuliwe cheo. Walipiga kura ya siri: 145 wakataka abaki, 61 wakataka aondoke. Tarehe 12 Mei wakakutana tena kwa jambo lilelile, ila safari hii hapakuwa na karatasi za kura. Waliulizwa kwa sauti, na kwa sauti wakamwondoa.

Ni kweli kwamba katikati ya mikutano hiyo Cheney hakunyamaza, na wapo waliokereka kwa kuona kila wiki inaanza na kauli yake mpya dhidi ya Trump. Lakini sidhani kwamba kukereka peke yake kunatosha kueleza jinsi wingi ule ulivyoyeyuka katika miezi mitatu. Trump alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba hakusudii kustaafu siasa, na kila mbunge alijua kwamba mchujo, yaani kura ya kuteua wagombea wa chama, ulikuwa njiani. Mwezi Agosti 2022, katika mchujo wa jimbo la Wyoming, Cheney aliambulia chini ya asilimia 30 ya kura. Kati ya wale kumi waliomshtaki Trump, ni wawili tu waliorejea bungeni baada ya uchaguzi wa mwaka huo. Wengine ama walishindwa mchujoni ama hawakugombea tena.

Wahafidhina wa Uingereza wana mpango tofauti, na ndio hasa ninaotaka wasomaji wautazame. Huko, mbunge anayetaka kiongozi wa chama apigiwe kura humwandikia barua mwenyekiti wa kamati ya wabunge wasio mawaziri, na jina lake halitangazwi. Hadi mwaka wa 2024, barua zilipofika asilimia 15 ya wabunge wa chama, kura ya siri iliitishwa. Juni 2022 Waziri Mkuu Boris Johnson alishinda kura ya namna hiyo kwa 211 dhidi ya 148, lakini idadi ya waliomkataa ilikuwa imemdhoofisha, na mwezi uliofuata mawaziri wake walijiuzulu mmoja baada ya mwingine mpaka naye akatangaza kwamba anaondoka. Kanuni za awali zilikuwa tofauti kidogo, ila kura ilikuwa ya siri vilevile: Novemba 1990 Waziri Mkuu Margaret Thatcher alipata 204 na mpinzani wake Michael Heseltine 152, Thatcher akapungukiwa kura nne tu kuepuka duru ya pili, na siku mbili baadaye akatangaza kujiuzulu. Huyu alikuwa mwanamke aliyeshinda chaguzi kuu tatu mfululizo. Waliomwangusha hawakuhamia chama kingine, na chama chao kilishinda uchaguzi uliofuata mwaka wa 1992.

Nisije nikaonekana nawapamba Waingereza. Johnson huyohuyo, Septemba 2019, aliwafukuza wabunge 21 kutoka kundi la chama bungeni kwa sababu walimpinga katika kura ya wazi kuhusu kujitoa Umoja wa Ulaya, akiwemo mjukuu wa Winston Churchill. Penye usiri watu wale husema wanachoamini, na panapokuwa peupe wachache tu huthubutu.

Sisi tuliopanga mlolongo mwaka wa 1988 hatuhitaji kwenda London kulijua hilo. Katika mchujo wa KANU, chama kilichotawala wakati huo, mwaka huo mpiga kura alisimama nyuma ya mgombea wake mbele ya macho ya kila mtu, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kwenda kwenye kura ya siri. Mwaka wa 2002, Rais Moi alipoamua kwamba Uhuru Kenyatta ndiye mrithi wake, kina Raila Odinga, Kalonzo Musyoka na George Saitoti hawakupata ndani ya chama mlango wa kupitishia pingamizi yao, wakatoka. Kilichofuata Desemba mwaka huo kila mtu anakijua. Laiti KANU ingekuwa na kura ya kweli, huenda isingeng'oka madarakani kwa namna ile.

Sheria zetu za sasa zinasemaje? Kifungu cha 103 cha Katiba kinamvua kiti mbunge anayejiuzulu kutoka chama kilichompeleka bungeni, na Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inamhesabu kuwa amejiuzulu anayejiunga na chama kingine au kukipigia debe. Hakuna panaposema kwamba kutofautiana na kinara ni kujiuzulu. Vitisho vya kamati za nidhamu hupata nguvu kwa sababu tiketi ya uchaguzi ujao imo mikononi mwa kinara na wandani wake.

Najua nitajibiwa kwamba usiri unamficha mbunge machoni pa waliomchagua. Katika miswada ya Bunge nakubali kabisa: mwananchi ana haki ya kujua nani alipigia kura kodi ipi. Kumchagua au kumwondoa kiongozi wa chama ni jambo jingine, kwa kuwa hapo anayehitaji kukingwa ni mnyonge dhidi ya mwenye tiketi.

Uchaguzi wa 2027 unakaribia, na kila chama kina katiba iliyowasilishwa kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Ningeomba gazeti lako liwaulize makatibu wakuu wa vyama vinavyowinda kura za Pwani: ni kipengele kipi katika katiba zao kinachowaruhusu wanachama kumpigia kinara kura ya siri, ni idadi gani ya wanachama inayotakiwa ili kura hiyo iitishwe, na nani anayezihesabu. Majibu yao yachapishwe kabla ya kura za mchujo.

Msomaji wako,
Kizingo, Mombasa