Zubeda mwanangu, jina lako lilitoka Arafa

Mwanangu Zubeda,

Assalaam alaykum. Tangu uliponipigia kunieleza kuwa jina lako limetoka kwenye orodha ya mahujaji, moyo wangu haujatulia kwa furaha. Utotoni ulikuwa ukiniuliza kwa nini sikukupa jina la bibi yako, nami nikikuahidi jibu ukikua. Leo naitimiza ahadi.

Umeitwa kwa jina la Zubeda wa Baghdad, ambaye hasa aliitwa Amatul-Aziz. Babu yake, Khalifa Mansur, mjenzi wa mji ule, ndiye aliyekuwa akimchezesha mapajani na kumwita Zubeda, kidonge cha siagi, kwa weupe na unono wake. Akaja kuolewa na binamu yake, Khalifa Harun Rashid. Imepokewa kwamba kasri lake lilikuwa na wajakazi mia waliohifadhi Qurani, likivuma kisomo mchana na usiku kama mzinga wa nyuki.

Lakini mimi nilimjua kwa mkono kabla ya kumjua kwa kitabu. Mwaka mmoja kabla hujazaliwa nilikuwa Arafa, jua la utosini, midomo imenikauka. Chini ya kilima cha Jabal Rahma nikaegemea ukuta wa mawe. Mzee aliyekuwa kando yangu akanipa maji ya chupa yake, kisha akasema, "Huo ni mfereji wa Zubeda." Nikageuka, nikaupapasa: mawe yameshikana kwa chokaa, kama kuta za majumba yetu ya kale huku pwani.

Bibi yule alipohiji aliwakuta watu wa Makka wakinunua kiriba kimoja cha maji kwa dinari nzima. Akaamuru maji yaletwe kutoka milimani. Msimamizi wake akaihofia gharama; Zubeda akamjibu afanye kazi, hata kama kila pigo la shoka litakuwa kwa dinari. Inatajwa kuwa zilikwenda dinari 1,700,000. Na ile njia ya mahujaji kutoka mji wa Kufa, Iraq, kiasi cha kilomita 1,400 za jangwa, akaijengea visima na mabirika mpaka ikaitwa kwa jina lake, Darb Zubeda.

Sikufichi, mwanangu, hakuwa malaika. Alipigania mwanawe Amin atangulie kurithi ukhalifa, ingawa Maamun, mtoto wa Harun kwa suria, alimzidi umri kwa miezi. Harun alipofariki mwaka 809, kiasi cha miaka miwili baadaye ndugu wale wakawa vitani. Baghdad ikazingirwa, na mwaka 813 Amin akauawa. Hapa mimi mzazi hufunga kitabu kwanza, nikavuta pumzi. Wakamjia waliomtaka asimame kudai damu ya mwanawe. Alikataa. Akavaa nguo nyeusi, akamwandikia Maamun kumweleza msiba wake. Mwaka 825, Maamun alipomwoa Buran, Zubeda alikuwapo harusini, akamtunza bibi harusi kwa vito. Kufika pale, kwa mama aliyezika mwana, naona kulimgharimu kuliko mfereji wote ule. Alifariki Baghdad mwaka 831.

Mama yako amekufungia kashata na ubani, vitakufikia kwa shangazi yako. Siku ya Arafa beba chupa mbili za maji, moja yako na moja ya atakayekaa kando yako. Ukiuona ukuta ule, uguse, umwombee Amatul-Aziz, kisha utuombee na sisi.

Baba yako