Kura ya maamuzi ikirudiwa, tuulize kilichobadilika ni nini

Kwa Mhariri,

Gumzo la kubadilisha Katiba ya Kenya sambamba na uchaguzi wa 2027 linapopamba moto, husikika dhana mbili. Kuna wanaoamini kwamba mwananchi akishasema hapana, jambo hilo limezikwa. Kuna wanaoona kwamba serikali ina ruhusa ya kulirudisha hadi lipite. Dhana zote mbili zina kasoro, na ukanda huu wa Nyanza ni ushahidi tosha.

Tarehe 21 Novemba 2005 Nyanza ilikuwa ngome ya Chungwa, alama ya hapana, na rasimu ya katiba ya Mwanasheria Mkuu Amos Wako ikaangushwa nchini kwa takriban asilimia 58. Tarehe 4 Agosti 2010 Nyanza hiyo hiyo ikawa ngome ya Kijani, rangi ya ndiyo, na Katiba ikapita kwa kura 6,092,593 dhidi ya 2,795,059. Hakuna anayesema kwa dhati kwamba watu wa Kisumu walichoshwa hadi wakasalimu amri. Kilichokuja debeni mara ya pili hakikuwa kile walichokikataa. Mwaka 2005 ugomvi mkubwa ulikuwa Rais mwenye mamlaka makubwa na waziri mkuu aliye chini yake, kinyume na ilivyokuwa imependekezwa na kongamano la katiba la Bomas. Mwaka 2010 kulikuwa na kaunti 47, Seneti, mawaziri wasio wabunge, na fungu la mapato ya taifa lisilopungua asilimia 15 kwa kaunti. Katikati palikuwa na uchaguzi mkuu, umwagikaji wa damu, mkataba wa maridhiano wa 2008, sheria mpya ya kusimamia marekebisho, na Kamati ya Wataalamu iliyotoa rasimu yake Novemba 2009 na kuwapa wananchi siku 30 za kuichambua. Hayo si marudio. Ni swali jipya kuhusu jambo la zamani.

Wanaolaani marudio hupenda kuitaja Ayalandi, nchi iliyopigishwa kura mara mbili kuhusu Mkataba wa Nice na mara mbili tena kuhusu Mkataba wa Lisbon, yote miwili ya Umoja wa Ulaya. Lakini mara nyingi hawafungui hesabu yenyewe. Juni 2001, Nice ilikataliwa kwa kura 529,478 dhidi ya 453,461, huku waliojitokeza wakiwa karibu asilimia 35 tu. Oktoba 2002 ikapita kwa 906,317 dhidi ya 534,887. Tazama upande wa hapana: haukupungua, uliongezeka kwa kura elfu tano na ushei. Ni upande wa ndiyo uliopata watu waliobaki nyumbani mara ya kwanza. Zaidi ya hayo, mswada wa pili ulikuwa na kifungu kipya cha kuizuia nchi kujiunga na ulinzi wa pamoja wa Ulaya, jambo lililokuwa kiini cha hofu ya wengi.

Lisbon ni hadithi nyingine. Juni 2008 hapana ilipata 862,415. Oktoba 2009 ikabaki na 594,606. Hapo watu walihama kweli. Walikuwa wamehakikishiwa kwamba kila nchi itabaki na kamishna wake, na kwamba kodi, sheria zao za uavyaji mimba na msimamo wao wa kutofungamana kijeshi havitaguswa. Lakini pia uchumi ulikuwa umeporomoka katika miezi hiyo 16, na mtu mwenye hofu ya kukosa kazi si mpigakura aliye huru kabisa. Mimi ningeipa Nice alama ya kupita, na Lisbon ningeiachia alama ya kuuliza.

Denmark nayo ilikataa Mkataba wa Maastricht, ulioanzisha Umoja wa Ulaya, Juni 1992 kwa asilimia 50.7, ikapewa misamaha minne, ukiwemo wa sarafu ya pamoja, kisha Mei 1993 ikakubali kwa asilimia 56.7. Mpaka leo haitumii yuro. Hapana yao ya kwanza ilizaa matunda.

Kinachonikera si idadi ya marudio bali upande mmoja wake. Hapana hurudiwa, ndiyo hairudiwi. Mwaka 1995 raia wa Ayalandi waliruhusu talaka kwa tofauti ya kura 9,114 katika nchi nzima, na serikali haikusema tupige tena tuhakikishe. Kama ndiyo nyembamba kiasi hicho ni ya kudumu, basi hapana ya asilimia 53, kama ile ya Lisbon, nayo ina heshima yake. (Nikiri kwamba talaka yenyewe ilikuwa imekataliwa 1986 kwa zaidi ya asilimia 63. Lakini miaka tisa ilipita, na sheria kadhaa za familia zilitungwa katikati ili kujibu hofu zilizosemwa mara ya kwanza.)

Na tusidhani kwamba kutorudia ndiko kuheshimu. Ufaransa na Uholanzi zilikataa katiba ya Ulaya mwaka 2005, ya kwanza kwa karibu asilimia 55 na ya pili kwa zaidi ya 61. Hazikurudia kura. Sehemu kubwa ya yaliyokataliwa iliingizwa katika Mkataba wa Lisbon, na mabunge yakaupitisha bila kuwauliza wananchi. Kati ya kuulizwa mara mbili na kuzungukwa mara moja, bora kuulizwa.

Nakumbusha pia kwamba marudio ya Oktoba 26, 2017 ni jambo tofauti. Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais kwa sababu ya kasoro za uendeshaji, si kwa sababu matokeo hayakumpendeza mtu. Kura iliyoharibika hurudiwa hata kama mshindi ni yule yule.

Turudi kwa sheria yetu, maana hapa ndipo penye tundu. Sura ya 16 ya Katiba, vifungu 255 hadi 257, haisemi lolote kuhusu muda wa kusubiri baada ya wananchi kukataa. Katika njia ya wananchi ya kifungu 257, breki ipo kwa namna fulani: mswada uliokataliwa utaanza upya kutafuta saini milioni 1 za wapigakura waliosajiliwa, tume ya uchaguzi, IEBC, izihakiki, mabunge ya kaunti yasiyopungua 24 yaukubali, ndipo ufike Bungeni. Mswada wa Okoa Kenya, uliopita njia hiyo, ulikwama kwenye saini mwaka 2016. Ule wa Punguza Mizigo ulivuka saini mwaka 2019 ukaangukia mabunge ya kaunti. Na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Machi 31, 2022 kuhusu BBI, mpango wa kubadilisha Katiba ulioasisiwa na Rais, ni wazi kwamba Rais hawezi kuwa mwanzilishi wa mswada wa njia hiyo.

Njia ya Bunge ya kifungu 256 ndiyo nyepesi kwa serikali yenye wingi wa viti. Inahitaji thuluthi mbili ya kila Bunge, yaani wabunge 233 kati ya 349 na maseneta 45 kati ya 67. Kila Bunge husubiri siku 90 baada ya kusomwa mara ya kwanza. Mswada ukigusa mambo kumi ya kifungu 255, kama vile muhula wa Rais au muundo wa ugatuzi, IEBC hupewa siku 90 za kuendesha kura. Ukijumlisha, mswada uliokataliwa leo unaweza kurudi debeni baada ya miezi tisa hivi bila kubadilishwa hata nukta.

Halafu kuna kiwango cha waliojitokeza. Katiba inataka asilimia 20 ya wapigakura waliosajiliwa wapige kura katika angalau nusu ya kaunti, ambayo kwa 47 ni kaunti 24, kisha wingi wa kawaida wa kura zilizopigwa. Kisumu, iliyokuwa na wapigakura zaidi ya 600,000 mwaka 2022, inatimiza sharti kwa watu 120,000 na kidogo. Kwa wenzangu wanaopenda kususia, hesabu ni hii: ili kususia kuangushe mswada, kaunti 24 lazima zishindwe kufika asilimia 20. Katika marudio ya 2017 kura haikufanyika katika kaunti nne tu: Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Nne haziangushi kitu. Aliyesema hapana mara ya kwanza, akachoka, akabaki nyumbani mara ya pili, amempa mpinzani wake kura.

Kuichanganya kura hiyo na uchaguzi mkuu kunaongeza tatizo. Kiwango cha asilimia 20 hufikiwa bila jasho kwa sababu watu wamekuja kumchagua rais, na swali la katiba linamezwa na vita vya vyama.

Nchi nyingine zimeweka uzio. Italia hairuhusu kura ya kufuta sheria iliyokataliwa irudi kabla ya miaka 5. Kwa Ayalandi Kaskazini, kura ya kuungana na Ayalandi haiwezi kurudiwa kabla ya miaka 7. Ureno huzuia pendekezo lililokataliwa lisirudi katika kikao kile kile cha bunge, isipokuwa bunge jipya limechaguliwa au serikali imejiuzulu. Kwetu ningependelea uchaguzi mkuu mmoja upite katikati, kama ilivyotokea kati ya 2005 na 2010. Shida ni kwamba sheria ya kawaida haiwezi kupunguza mamlaka ambayo Katiba imeyatoa, mahakama itaifuta. Uzio huo lazima uandikwe ndani ya Sura ya 16, na kuibadilisha Sura ya 16 kunahitaji, naam, kura ya maamuzi.

Linalowezekana bila hiyo ni kurekebisha Sheria ya Uchaguzi ili IEBC, inapochapisha swali, ichapishe pia jedwali la kulinganisha: mswada uliokataliwa upande mmoja, mpya upande wa pili, kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili na Kiingereza, na libandikwe katika kila ofisi ya wadi.

Wakati tunaisubiri, kila msomaji anaweza kutengeneza jedwali lake. Mswada ukitua, chukua ule wa zamani, tafuta vifungu vitatu au vinne vilivyosababisha hapana, uone kama vimeguswa. Kama vimeguswa namba tu, andika waraka wa ukurasa mmoja ukitaja namba ya kifungu na maneno yake, uupeleke kwa karani wa bunge la kaunti kabla ya tarehe ya mwisho ya kutoa maoni, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Maeneobunge mapya 70 ya BBI yaliangushwa na Mahakama ya Juu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa kuyahusu. Muhuri huo ndio ushahidi wako ukifika huko.

Msomaji wako,
Kondele, Kisumu