Mkimwandika Faraday, msiusahau mshumaa

Mhariri,

Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, akitajwa magazetini, habari huanzia kwenye sumaku na kuishia kwenye jenereta. Sikatai: Agosti 29, 1831 aligundua kwamba usumaku ukibadilika huzaa mkondo wa umeme katika waya, na jenereta za leo zinafuata kanuni hiyo hiyo. Lakini mtoto huyu wa mhunzi, aliyeanza kujifunza kujalidi vitabu akiwa na miaka 14, alikuwa pia mwalimu wa umma. Kati ya 1827 na 1860 aliongoza mihadhara ya Krismasi kwa vijana mara 19 katika Taasisi ya Kifalme, London. Ufasaha hakuzaliwa nao. Alisomea kuzungumza, na mezani aliwekewa kadi ya kumkumbusha aende polepole.

Mfululizo unaokumbukwa zaidi, wa mihadhara sita, ulihusu mshumaa. Majaribio yake yanafaa darasa lolote, ila yana mitego.

Washa mshumaa mnene pasipo upepo, uwake dakika tano hadi nta ituame kuzunguka utambi. Uzime kwa pumzi fupi, kisha ingiza njiti inayowaka ndani ya moshi mweupe, sentimita tatu hivi juu ya utambi. Moto utaufuata moshi kushuka na kuuwasha mshumaa bila njiti kugusa utambi. Moshi ule ni mvuke wa nta ulioanza kupoa. Kinachowaka kwenye mshumaa ni mvuke, si nta yabisi. Wengi hushindwa kwa sababu feni inauvuruga moshi, au wanahangaika na kiberiti baada ya kuzima, utambi nao umeshapoa. Njiti iwe inawaka tayari mkononi mwa mtu wa pili.

Kisha shusha karatasi ngumu nyeupe, ikiwa imelala, ikate mwali karibu na utambi. Hesabu moja, mbili, iondoe. Utaona pete iliyoungua na katikati peupe: humo ndani mvuke haujapata hewa ya kutosha. Ukiishia juu, penye kung'aa, utapata masizi, na chembe hizo za kaboni zikiwa moto ndizo zinazotoa mwanga wa manjano. Ndoo ya maji iwe karibu.

La mwisho ndilo gumu. Funika mshumaa kwa chupa ya jemu hadi uzimike. Ukungu wa ndani ni maji yaliyotokana na kuungua kwa nta. Igeuze haraka, tia vijiko viwili vya maji ya chokaa, funga, tikisa. Yatakuwa meupe kama maziwa kwa sababu ya kabonidioksaidi. Maji hayo ni kijiko cha chokaa katika lita moja, yakatikiswa na kuachwa usiku kucha, ukachota yale maangavu ya juu. Yasipobadilika, tuhumu chokaa kwanza: iliyokaa wazi dukani imeshanyonya kabonidioksaidi ya hewani na haifai. Nunua mfuko uliofungwa. Chokaa huunguza macho, kwa hiyo kazi ya kuitikisa ni ya mwalimu, si ya wanafunzi.

Ombi langu: makala ijayo ya Faraday iwe na kisanduku cha jaribio moja, vipimo vyake vikiwemo.

Mwalimu wa Fizikia,
Morogoro