Gundi haina kosa, tazama kitako cha ndoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niwatetee wauza gundi wa hapa Ngamiani, maana hawaishi kuambiwa wameuza feki. Mara nyingi gundi ni nzima, plastiki ndiyo haishikiki.

Kabla hujatoa hela, pindua chombo usome namba iliyo ndani ya pembetatu. Namba 2 na 4 ni polietilini: madumu, ndoo nyingi, mifuko. Namba 5 ni polipropilini: vifuniko, viti, mabeseni mengi. Namba ikiwa imefutika, kata kipande ukizamishe kwenye maji yenye tone la sabuni. Hizo kwa kawaida huibuka juu, PVC, ile plastiki ya mabomba ya maji, huzama. Gundi ikiwekwa juu ya plastiki inayoelea hujikusanya kama maji kwenye jani la mgimbi, na ikikauka hubanduka nzimanzima, upande wa chini ukiwa laini kama kioo. Msasa husaidia kidogo tu. Gundi ya bomba ndiyo hasara kabisa, kwani kazi yake ni kulainisha PVC ili ishikane na mwenzake. Bomba jeusi la polietilini hailigusi.

Ndoo iliyopasuka achana na gundi, ichomelee. Toboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa ufa ili usizidi kukimbia. Chonga ufa uwe mfereji wa V, kisha yeyushia humo utepe uliokatwa kwenye plastiki ya namba ileile. Pasi ya solda inatosha, ila kingo za mfereji nazo ziyeyuke, si utepe peke yake. Polietilini ya dumu huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, polipropilini kama 160. Ukiona moshi, umeunguza, na mshono huo utakatika. Namba 2 na namba 5 hazishikani hata ukichomelea mpaka magharibi. Dumu lililowahi kutiwa petroli lisisogezwe kabisa karibu na moto.

Pengine kuchomelea hakuwezekani, mathalani unabandika kishikio cha chuma kwenye kifuniko. Hapo iko supa gluu inayouzwa pamoja na kichupa cha dawa ya kupaka kwanza. Bila dawa hiyo ni bure. Iko pia gundi ya akriliki ya mirija miwili kwa ajili ya plastiki hizi, kama 3M DP8005, inayochanganywa 10 kwa 1. Ukishachanganya una dakika mbili tatu tu, na joto letu huzipunguza. Bana, uache mpaka kesho yake. Asiyeipata apitishe haraka ncha ya mwali wa buluu juu ya plastiki, bila kuiyeyusha, halafu ajaribu kwa tone la maji: likitandaa badala ya kuwa shanga, apanguse, apake gundi ya epoksi papo hapo bila kupashika kwa vidole. PVC isipitishwe motoni, moshi wake ni sumu.

Vipande vipishanishwe sentimita mbili au zaidi. Kiungo cha ncha kwa ncha hufunguka ukingoni, kisha chote hufuata.

Na pakiti zisomwe. Zingine zinataja PE (polietilini) na PP (polipropilini) kwa herufi ndogo nyuma, ila kwenye orodha ya zisizoshika.

Fundi plastiki,
Ngamiani, Tanga