Mhariri, Korogwe sio ya kuchimba dawa tu

Mhariri salaam, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni tangu nirudi. Mi naishi Dar, kwetu ni Moshi, barabara ile nimeipita tangu niko sekondari mpaka sa hivi nina watoto wa sekondari, ila Korogwe nilikuwa naijua kwa dirishani tu. Basi linasimama, konda anapayuka dakika kumi, wa kuchimba dawa wachimbe, unanunua machungwa na mayai ya kuchemsha, chenji unarushiwa gari ishaanza kutembea, basi, imetoka hiyo.

Sasa mwezi uliopita nikaalikwa harusi hapohapo Korogwe nikakaa siku tatu, na ndo nikaona ujinga wangu. Asubuhi unatoka nje unakuta milima ya Usambara imejifunika ukungu kama mtu hataki kuamka, afu ukishuka kidogo unaukuta mto Pangani unapita taratibu, maji ya udongo, yametoka huko Kilimanjaro na Meru yanaenda zake baharini. Wenyeji wanauita Ruvu, msichanganye na ule Ruvu wa Pwani tunaokunywa maji yake sisi wa Dar. Na Lwengera nao unashuka kwenye bonde lililozitenganisha Usambara Mashariki na Magharibi unakuja kuingia hapohapo jirani.

Mzee mmoja mjomba wa bwana harusi ndo alinitembeza, Mzigua, anaongea huku anacheka. Akaniambia zamani watu wa mtoni walikuwa wanakaa kwenye visiwa vya katikati ya mto, kwasababu ya vita na watu wa kukamata watumwa, adui akija anakutana na maji kwanza. Mi miaka yote hiyo nilidhani Korogwe imeanza na stendi!

Afu reli. Wajerumani walianza kuijenga kutokea Tanga mwaka 1893, ndo reli ya kwanza ya nchi hii, ikafika Korogwe 1902 na Moshi 1911, halafu Juni 1916 Waingereza wakauteka mji wa Korogwe wakati wa vita vile vya kwanza vya dunia. Kumbe na mkonge uliletwa mwaka huohuo wa 1893 na Mjerumani mmoja anaitwa Hindorf, akautoa Florida huko Marekani. Mkonge ndo uliojaza watu pale. Wakaja manamba, yaani vibarua wa mkataba kutoka mbali, Wabena, Wamakonde, Waha, mpaka Warundi, mtu anapewa kipande, kadi ya kuhesabia siku, na hajamaliza siku zake 30 za kazi halipwi, na wengi hawakurudi makwao tena. Ndo maana ukikaa kwenye harusi ya Korogwe unasikia kila lafudhi. Mzee anasema babake alikuwa anafanya kazi korona, pale mkonge unapokamuliwa, na kipande chake anacho mpaka leo kwenye sanduku, nilikishika kwa mkono wangu huu mhariri, kigumu, kimechakaa pembeni, siku zimewekewa alama mojamoja.

Hiki ndo kinaniuma. Kipande kile kiko sandukuni chini ya kitanda, siku mzee akiondoka wajukuu watakitupa na takataka. Na huko nilikozunguka kote sikuona hata kibao kimoja cha kumwambia mgeni hapa ni wapi na palitokea nini. Nikamuuliza kijana wa bodaboda anipeleke sehemu ya historia akanipeleka baa (nyama choma ilikuwa nzuri lakini, siwezi kusema uongo, ingawa mi bora ule ugali wa bada, wa muhogo, na perege niliopewa kwa mzee).

Tukisema utalii tunawaza wazungu na tembo, wakati mabasi ya Moshi na Arusha yanapita pale kila siku na abiria wanashuka wenyewe bila kuitwa, na treni ya abiria ya kwenda Moshi ilirudi Desemba 2019. Wahusika wa mji sijui mnasomaga gazeti hili? Siombi hoteli ya ghorofa. Naomba vibao viwili vitatu vya Kiswahili, kimoja stesheni chenye hiyo miaka, kimoja mtoni, na chumba kimoja tu, hata stoo ya zamani ipakwe rangi, watu walete vipande vyao na picha za manamba viwekwe kwenye kioo, kiingilio hata buku watu watalipa.

Siku ya kurudi nilipanda basi palepale stendi. Abiria wa jirani yangu, katoka Arusha, kaninyooshea pesa nimnunulie machungwa kabla sijakaa, akaniuliza eti hapa tumefika wapi.

Mimi msomaji wenu, Dar es Salaam