Baridi ya London na baridi ya Makete

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu baridi kabla Juni haijafika.

Mimi ni mzaliwa wa Matamba, Makete. Mwaka juzi, mwezi wa Januari, nilihamia London kufanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Kila aliyesikia habari ya safari yangu kule Dar es Salaam alinionea huruma: "Utaganda, dada." Nikacheka kimoyomoyo. Mtu aliyekua jirani na uwanda wa juu wa Kitulo, akaenda shule asubuhi za Julai majani yakiwa meupe kwa sakitu, atatishwa na baridi gani? Masweta matatu nilifungasha hata hivyo.

Nilitoka uwanja wa ndege wa Heathrow hadi Woolwich kwa treni moja, nikilivuka jiji la watu karibu milioni 9, na sikuona kitu. Giza lilikuwa limeshaingia. Hata saa 11 jioni haijafika! Nikadhani saa yangu imekufa. Kesho yake jua likachomoza saa 2 asubuhi na dakika zake. Giza hilo ndilo lililoniliza wiki za mwanzo, na katika wote walionionya hakuna aliyelitaja.

Sasa baridi yenyewe. Usiku wa kwanza nililala na sweta, soksi mbili mbili na jaketi la mtumba nililonunua soko la Mwanjelwa, Mbeya. Usiku wa manane nikaamka nimelowa jasho, moyo unadunda, nikajua malaria imenifuata. Dada wa Tanga aliyenipokea akawasha taa, akanitazama toka juu hadi chini: "Mdogo wangu, unalala au unasafiri?" Akanionyesha hita chini ya dirisha, chuma kinachopitisha maji ya moto kutoka kwenye boila ya gesi. Akasema ameiacha ikiwaka kwa ajili yangu mgeni. Siku nyingine huizima saa 3 usiku kwa kuogopa bili.

Kweli, kesho yake akaizima, na chumba hakikupoa hadi nikasinzia. Dirisha lina vioo viwili, mlango umezungushiwa mpira, na juu ya dari kumetandikwa sufi ya kioo, nyuzi laini za kuzuia joto lisitoke, nene kama godoro. Sisemi kule ni peponi. Tangu bei ya gesi ilipopanda mwaka 2022, nahudumia wazee wanaokaa sebuleni na makoti. Ila joto kidogo walilolilipia halitoroki.

Huku kwetu tunajenga kana kwamba tuko Kibaha. Bati tupu, matundu ya hewa juu ya kila dirisha, mlango unaopitisha paka chini yake. Pwani wanatafuta upepo. Sisi tunautafutia nini? Baridi ikizidi tunaingiza jiko la mkaa chumbani na kuziba matundu kwa matambara. Nikiwa kidato cha pili tulifanya hivyo bwenini, shule siitaji. Niliamshwa na kichwa kinachopasuka. Wenzangu wawili walikuwa wakitapika, na mmoja hakuamka mpaka alipoburutwa nje kwenye umande. Matroni alisema ni maharage. Leo najua ilikuwa kaboni monoksidi, gesi ya mkaa unaoungua kwenye hewa haba, isiyo na rangi wala harufu. Uingereza, tangu Oktoba 2022, mwenye nyumba za kupangisha analazimika kuweka king'ora cha gesi hiyo kwenye chumba chenye boila au jiko la kuota moto.

Ombi langu kwa halmashauri zetu za nyanda za juu: mnapojenga mabweni na zahanati, ramani iwe na dari, milango inayoziba, na dohani ya kutoa moshi pale ambapo moto utawashwa. Si jambo geni. Nyumba za kikoloni pale Uzunguni, Mbeya, zina dohani, ingawa niliingia moja nikakuta mahali pa moto pamewekwa televisheni.

Niko likizo Matamba hadi mwisho wa Aprili. Nimemwekea mama silingi bodi chumbani, baada ya kubishana na fundi aliyeniuliza kama tunafungua ofisi. Chumba kina joto. Mama analalamika kwamba sasa haisikii mvua, na jana mahindi yake yamelowa uani.

Mwana wa Matamba,
Makete, Njombe