Mnunuzi Hatundiki Bango

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Nilitaka kuanza kama tulivyofundishwa shuleni, "dhumuni la barua hii ni kukujulia hali", lakini wewe mwenyewe hukunijulia hali. Unajua mimi nauza vikapu nje ya nchi, nawe una mikoba yako ya ngozi, basi ukanirushia swali kavu: "Hao wanunuzi wa nje unawapata wapi? Mimi nimetafuta mtandaoni wiki tatu, naona wauzaji watupu." Nilicheka, kisha nikakaa kitako nikujibu kwa urefu, kwa sababu nusu ya jibu umeshaiandika mwenyewe.

Unaona wauzaji watupu kwa kuwa injini ya utafutaji, kama Google, ni soko lililopangwa kwa ajili ya anayetaka kununua. Muuzaji ndiye anayejenga tovuti, analipia matangazo na kujaza kila neno litakalomfanya aonekane. Mnunuzi hana haja hiyo. Kampuni inayoagiza mikoba ya ngozi kontena baada ya kontena haitundiki bango la "tunanunua mikoba"; ikithubutu, simu zake hazitapumzika. Kwa hiyo ukiandika "wanunuzi wa mikoba Ulaya", kwa lugha yoyote ile, utaletewa watu wa aina tatu: washindani wako, wauza orodha za barua pepe, na matapeli.

Mimi nilipita kwa wote watatu. Orodha niliyoinunua ilikuwa na maelfu ya anwani. Nyingi zilirudi siku ileile kwa kuwa hazipo tena, na kati ya waliojibu, mmoja aliniambia kwa upole kwamba yeye ni daktari wa meno. Tapeli naye alikuja na oda nono ya vikapu, haulizi ukubwa, haulizi rangi, anachotaka ni "ada ya kusajiliwa kama msambazaji" kabla ya kutuma mkataba. Nashukuru nilimwuliza anataka vikapu vya mfuniko au visivyo na mfuniko. Alijibu, "vyote ni sawa." Hakuna mnunuzi wa kweli ambaye kwake vyote ni sawa.

Baada ya hapo niliacha kumtafuta mnunuzi, nikaanza kutafuta nyayo zake. Anayeagiza bidhaa kutoka nje hujificha, lakini hawezi kuagiza bila kuacha alama: kwenye karatasi za forodha, kwenye katalogi anazowapa wenye maduka, kwenye orodha za maonyesho ya biashara, hata kwenye tangazo la kazi anapotafuta ofisa manunuzi. Hizo ndizo unazoweza kuzitafuta.

Anza na nambari, hata kama inachosha. Kila bidhaa inayovuka mpaka ina nambari ya forodha katika mfumo wa Shirika la Forodha Duniani, unaotumika tangu 1988. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile kwa nchi zote zinazoufuata. Vikapu vyangu viko chini ya 4602. Mikoba yako ya mkononi ya ngozi ni 4202.21. Ukiwa nayo nenda Trade Map, hifadhi ya takwimu ya Kituo cha Biashara cha Kimataifa kilichopo Geneva, uone ni nchi zipi zinaingiza mikoba hiyo kwa wingi, na zinainunua kutoka kwa nani. Hutapata jina la mteja pale, ila utajua pa kuelekeza macho. Mimi nilipoteza miezi nikiihangaikia nchi moja kwa sababu tu nilikuwa naipenda kwenye televisheni.

Sasa maneno, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo palipo utamu na maumivu yote. Nilikuwa naandika "basket" na kushangaa kupata takataka. Ikanichukua muda kugundua kwamba tovuti nyingi za maduka huita kile kikapu cha kulipia vitu "basket". Nikakimbilia Kifaransa, "panier": kitu kilekile, kila duka la mtandaoni la Ufaransa lina "panier" yake juu kona ya kulia. Wajerumani nao wana "Warenkorb". Yaani bidhaa yangu ilikuwa imezikwa chini ya kitufe cha kulipia duniani kote! Dawa ikawa kutafuta jina la ufundi wenyewe. Wafaransa husema "vannerie", yaani ususi wa vikapu, na nilipoiweka karibu na "grossiste", yaani muuzaji wa jumla, dunia ilifunguka. Kijerumani ni "Großhandel" (biashara ya jumla) na "Importeur" (mwagizaji), Kiholanzi ni "groothandel", Kihispania "mayorista" na "importador". Huhitaji kuijua lugha. Unahitaji maneno matano au sita, na uyahakikishe kwa kutazama wenyeji wanayatumiaje kwenye kurasa zao, si kwa kuiamini programu ya kutafsiri peke yake.

Tena usidhani mnunuzi anaiita bidhaa kama wewe unavyoiita. Mimi nasema vikapu. Mwenye ghala anasema "vyombo vya kuhifadhia vitu" au "vyombo vya kuwekea vyungu vya maua". Wewe unasema mkoba. Yeye huenda ameuweka chini ya vifaa vya safari au zawadi za maofisini. Soma katalogi zao kwanza, uibe msamiati.

Ukishakuwa na maneno, ifundishe injini adabu. Weka neno ndani ya alama za kunukuu ili itafute hilohilo, isikuletee jamaa zake. Bandika alama ya kutoa mbele ya usichokitaka, bila kuacha nafasi: mimi huandika -amazon -etsy -pinterest -alibaba kabla hata sijavuta pumzi, na nusu ya kelele hunyamaza. Ongeza site:.de upate tovuti zenye anwani za Ujerumani tu, site:.nl za Uholanzi, site:.it za Italia. Na filetype:pdf ndiyo ninayoipenda kuliko zote, maana katalogi za jumla, bei kwa wenye maduka na masharti kwa wasambazaji huwekwa kama faili za PDF. Kuna kampuni ambazo ukurasa wao wa mbele hauna maana yoyote, lakini faili moja iliyosahaulika ya "mahitaji kwa wasambazaji" inakueleza kila kitu mpaka unene wa boksi.

Kumbuka pia kwamba Google hukupa majibu kulingana na mahali ulipokaa. Ukitaka kuona anachokiona mtu wa Ufaransa, ingia kwenye utafutaji wa kina uchague nchi na lugha. Na si kila mahali Google ndiyo mlango. Uchina ni Baidu, Urusi ni Yandex, na Korea Kusini Naver ina watu wake. Sikwenda mbali huko, kwa hiyo sitajifanya mwalimu.

Picha nazo zinaongea. Chukua picha ya mkoba wako, iingize kwenye utafutaji wa picha. Utaona maduka ya nje yanayouza mikoba inayofanana na wako. Duka dogo kwa kawaida haliagizi lenyewe. Linanunua kwa mwagizaji. Soma lebo, soma maelezo ya bidhaa, tafuta jina la chapa, kisha litafute jina hilo pamoja na neno la jumla. Mara nyingi hatua mbili zinakufikisha ghalani.

Halafu maonyesho. Huna haja ya tiketi ya ndege. Ambiente ya Frankfurt na Maison&Objet ya Paris huweka mtandaoni majina ya washiriki wao, na wengi wa wanaokodi mabanda pale kuuzia wenye maduka ni waagizaji wenyewe. Utapata jina la kampuni, nchi na tovuti. Nilikaa jioni nne na orodha ya namna hiyo, nikafuta moja baada ya jingine, nikabaki na kumi na saba. Kumi na saba wanaoeleweka ni bora kuliko ile orodha yangu ya daktari wa meno. Kwa upande wako tafuta maonyesho ya ngozi na mitindo. Usiishie kwenye haya mawili yangu.

Forodha nimeiachia nafasi yake. Nchini Marekani, taarifa za shehena zinazoingia kwa meli zipo wazi kwa umma, na kuna tovuti zinazozikusanya. ImportYeti ni mojawapo, na hutoa mengi bila malipo. Unaandika jina la bidhaa au la mshindani wako, unaona nani alimpelekea nani, lini, na uzito gani. Mara ya kwanza nilihisi kama nachungulia dirishani kwa mtu. Ila usiruke juu kwa furaha. Zinazokwenda kwa ndege hazimo. Kampuni ina haki ya kuomba jina lake lifichwe. Na lile jina unaloliona kama la mpokeaji linaweza kuwa la wakala wa usafirishaji tu. Mimi niliwahi kumwandikia wakala barua ndefu nikimsifia "uteuzi wake mzuri wa vikapu".

Jina likishapatikana, lichunguze kabla hujaandika hata neno. Tovuti za kibiashara za Ujerumani zinatakiwa kisheria kuwa na ukurasa uitwao Impressum, wenye anwani kamili na jina la mhusika. Kama haupo, jiulize kwa nini. Kampuni za Uingereza unazitazama bure kwenye daftari lao, Companies House, na daftari la makampuni la Ujerumani nalo limekuwa bure kutazama tangu Agosti 2022. Nambari ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya kampuni ya Umoja wa Ulaya unaihakiki kwenye VIES, tovuti ya Umoja huo. Anayedai yupo kwenye biashara miaka ishirini, iingize anwani ya tovuti yake kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, uone ilianza kuonekana lini. Kuna mmoja tovuti yake ilikuwa na umri wa wiki sita, sikumjibu tena. Na angalia herufi za barua pepe moja moja, maana herufi moja ikibadilishwa kwenye jina la kampuni ya kweli, unaongea na mwizi.

Kuandika kwenyewe nako kuna sheria. Ujerumani, kwa mfano, hairuhusu kumtumia mtu barua pepe ya kujitangaza bila ridhaa yake, hata kama ni kampuni. Niliposikia hivyo nilikata tamaa, kisha nikaambiwa barua ya karatasi kwa posta haibanwi namna hiyo. Basi nikachapa, nikakunja, nikabandika stempu, kama hii ninayokuandikia sasa. Ukurasa mmoja. Sikuandika "kwa mheshimiwa mnunuzi". Niliandika jina la mkuu wa manunuzi kama lilivyo kwenye tovuti yao, nikataja kikapu kimoja kilichomo kwenye katalogi yao na ukurasa kilipo, nikasema changu kinatofautiana nacho wapi, nambari ya forodha, ninaweza kutoa vingapi kwa mwezi bila kudanganya, na picha moja.

Wahenga walisema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Mimi nilichoka sana na nilikuwa sijapata kitu, nikuambie ukweli. Kati ya wale kumi na saba, kumi na mmoja hawakujibu kabisa. Wanne walisema hapana, na mmoja wao alinieleza kwa nini, maelezo yaliyonifaa kuliko oda. Wawili waliomba sampuli. Mmoja wa hao wawili ndiye anayenunua kwangu mpaka leo, na oda yake ya kwanza ilikuwa ndogo kiasi kwamba niliona aibu kumwambia mtu.

Kuna jambo alilonieleza baadaye ambalo nakupa bila kulipaka rangi. Alipopata barua yangu, kabla ya kuijibu, alikwenda kuandika jina langu kwenye Google. Wakati huo nilikuwa na ukurasa mmoja tu, wa picha tano, na anwani ya barua pepe iliyokuwa haifanyi kazi. Alikaribia kuitupa barua. Kwa hiyo kabla hujaanza kuwasaka wengine, jisake mwenyewe. Fungua kivinjari usichokitumia, uandike jina la biashara yako, uone mgeni anaona nini. Nimekufanyia jana: kinachotokea ni matangazo ya harusi ya mtu mwenye jina kama lako.

Hilo lirekebishe wiki hii. Sitaki kurasa nyingi. Jina, bidhaa, nambari ya forodha, uwezo wa kuzalisha, barua pepe inayopokea barua. Kisha nitumie picha tatu za ule mkoba wa kahawia, uwe peke yake mbele ya ukuta mweupe, usiweke maua pembeni wala mkono wa mtu. Nikizipata usiku nitaziingiza kwenye utafutaji wa picha, na tutaona zinatupeleka kwenye ghala gani.

Hali yangu ni njema, kama ungeuliza.

Wako,
rafiki yako wa vikapu